Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Picha za Sura kwa Kamera Yenye Pikseli Nyingi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kondele, Kisumu. Kwa miaka sita nimepiga picha za harusi, mahafali na familia kwa kamera ya Canon EOS 6D na lenzi ya Canon ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitishia mwanga ni pana), na wateja wangu hawakuwahi kulalamika. Mwaka huu nimenunua kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), Sony α7R IV iliyotumika, yenye megapikseli 61, na kwa kuwa pesa zilikuwa zimekwisha, nikaifunga ile lenzi ya zamani juu yake kwa adapta. Nilitarajia picha za kushangaza. Badala yake, nikizikuza kwenye kompyuta, macho ya wateja yanaonekana kana kwamba yamepakwa mafuta, na kingo za shela jeupe zina rangi ya zambarau. Huwa nalifungua tundu la lenzi hadi mwisho, kasi ya shata huwa sekunde 1/100, nami hulenga jicho kwa kitone cha katikati kisha nikaisogeza kamera ili kuipanga picha, kama nilivyozoea. Nimeweka akiba ya shilingi 80,000. Wenzangu wananiambia kwamba kamera ya namna hii haitaki lenzi yenye tundu dogo kuliko f/1.4. Ninunue ipi?

Mpigapicha wa Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu wa Kondele, kabla hujaigusa akiba yako, naomba tuitendee haki ile lenzi ya zamani, kwa sababu haijaharibika tangu ulipoitoa kwenye 6D. Kilichobadilika ni kipimo unachoipimia. Picha ya 6D ina pikseli 5,472 kwa upande wake mrefu, nayo ya kamera yako mpya ina 9,504. Ukiikuza picha ya kwanza hadi kila pikseli yake ichukue pikseli moja ya kioo cha kawaida cha kompyuta, kile cha inchi 24 chenye pikseli 1,920 kwa upana, ni sawa na kusimama pua kwa pua mbele ya picha yenye upana wa mita moja na nusu. Ukiifanyia hivyo ya pili, umesimama mbele ya picha ya upana wa zaidi ya mita 2.6, kwa umbali uleule. Zichapishe zote mbili kwa ukubwa wa karatasi ya A3, uzitundike ukutani, na utaona kwamba ile mpya si mbaya kuliko ya zamani.

Hata hivyo, malalamiko yako ni ya haki. Mtu hanunui megapikseli 61 ili achapishe A3 peke yake. Hununua ili aweze kuchapisha hadi sentimita 80 kwa 53 kwa kiwango cha pikseli 300 kwa inchi, au akate kipande cha picha na bado kimtoshe. Kwa kazi kama hiyo kila kosa dogo huonekana. Pikseli moja ya 6D ina upana wa mikromita (elfu za milimita) 6.5 hivi, na ya kamera yako haifiki mikromita 4. Mkono ukitikisika kiasi cha kuisogeza taswira mikromita 10 juu ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kosa hilo kwenye 6D lilikuwa la pikseli moja na nusu, nawe hukuliona. Leo ni la pikseli karibu tatu, nalo linakukodolea macho.

Kwa maelezo uliyotoa, naamini kwamba sehemu kubwa ya mafuta yaliyopakwa kwenye macho ya wateja wako haitoki kwenye lenzi, bali inatoka kwenye mazoea matatu ambayo 6D ilikuwa ikikusamehe.

La kwanza ndilo zito kuliko yote, nalo ni kulenga kwa kitone cha katikati kisha kuisogeza kamera. Nakuelewa kwa nini ulijifunza hivyo, maana 6D ilikuwa na vitone 11 tu vya fokasi, na kile cha katikati ndicho kilichoaminika. Lakini tupige hesabu. Mteja amekaa mita mbili kutoka kwako. Umelenga jicho, fokasi imeshika, kisha umeiteremsha kamera kwa nyuzi nane hivi ili jicho lipande hadi sehemu ya juu ya picha. Kwa mzunguko huo mdogo, ule ukuta usioonekana wa fokasi umehamia nyuma ya jicho kwa karibu sentimita 2. Na lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8, kwa umbali wa mita mbili na kwa kipimo kikali kinachoifaa kamera yako, ina kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana wazi, cha sentimita 3 hivi kwa jumla, yaani sentimita moja na nusu mbele na moja na nusu nyuma. Jicho limeachwa nje. Ukizikagua picha zako vizuri, sitashangaa ukikuta nywele za kando ya sikio ziko wazi kuliko kope. Kamera uliyonayo sasa hupima fokasi juu ya kihisi chenyewe, tena inaweza kulitambua jicho la mtu na kulifuata popote lilipo ndani ya picha. Washa uwezo huo, upange picha yako kwanza, kisha ubonyeze bila kuisogeza kamera tena.

La pili ni kasi ya shata. Ile kanuni ya wazee kwamba lenzi ya milimita 85 inatosheka na sekunde 1/85 ilitungwa wakati wa filamu na picha ndogo za albamu. Kwa kamera yako anzia 1/250, na kwa mtoto au bibi harusi anayecheka usione haya kupanda hadi 1/500, hata kama ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, itapanda nayo. Chembechembe za ISO zinaweza kusafishwa baadaye, mtikisiko hausafishiki. Mtambo wa kutuliza taswira uliomo ndani ya kamera unasaidia mkono wako wewe, hausaidii kichwa cha mteja kinachoyumba akivuta pumzi.

La tatu ni kulifungua tundu hadi mwisho kila wakati. Libane hadi f/2.8, na kina cha fokasi kwa umbali uleule kinafika karibu sentimita 5. Vilevile ile zambarau ya kwenye shela itapungua sana. Lenzi yako ya Canon ni muundo wa mwaka 1992, nzuri sana kwa umri wake, lakini ikifunguliwa yote inajulikana kwa kutia zambarau pale ambapo cheupe kinapakana na cheusi, na kwa kupauka kidogo. Kwa f/2.8 na kuendelea ni lenzi nyingine kabisa.

Fanya mabadiliko haya matatu kwa wiki mbili kabla ya kutoa hata shilingi. Nakuomba hivyo kwa sababu mpigapicha anayenunua lenzi mpya huku mazoea yake yakiwa ni yaleyale hupata picha zilezile, na akiba imekwisha.

Baada ya hapo bado nakushauri ununue lenzi iliyoundwa kwa ajili ya kamera yako, kwa sababu adapta ni kiungo dhaifu. Umbali kati ya kiti cha lenzi na kihisi kwenye mfumo wako wa zamani ni milimita 44, na kwenye kamera ya Sony ni milimita 18. Zile milimita 26 za katikati zinajazwa na adapta. Adapta ikiwa imepinda kidogo tu, upande mmoja wa picha unakuwa na fokasi na mwingine hauna. Zaidi ya hayo, mota ya lenzi ya zamani haikuundwa kwa mazungumzo ya harakaharaka ambayo kamera isiyo na kioo huyafanya na lenzi inapofuata jicho.

Sasa tuje kwenye f/1.4. Wenzako wamechanganya mambo mawili. Tundu la f/1.4 hupitisha mwanga zaidi ya f/1.8 kwa mara 1.6 hivi, na huyeyusha mandhari ya nyuma zaidi. Hayo ni manufaa ya kweli kwa anayepiga picha ndani ya ukumbi wenye taa hafifu. Hayana uhusiano wa lazima na ukali. Lenzi ya f/1.8 iliyotengenezwa vizuri, ikibanwa hadi f/2.8, inaweza kusimama kifua mbele karibu na ya f/1.4 iliyobanwa hadi hapohapo, na mteja hatajua ipi ni ipi.

Kwa akiba uliyoitaja, macho yangu yanaelekea kwenye Sony FE ya milimita 85 f/1.8, iliyotoka mwaka 2017. Ina uzito wa gramu 371, jambo ambalo utalishukuru saa kumi jioni baada ya kusimama tangu asubuhi kwenye harusi. Imekingwa dhidi ya vumbi na unyevu. Inashika fokasi haraka na bila kelele. Na ukali wake katikati ya picha, hata tundu likiwa wazi lote, unaitosha kamera ya megapikseli 61. Upungufu wake ni kwamba nayo hutia zambarau na kijani kidogo kwenye kingo zenye mwanga mkali inapofunguliwa yote, ingawa programu za kuhariri huziondoa bila taabu. Mimi mwenyewe naitumia kwa kazi ya kila siku. Ukija kuwa na akiba kubwa zaidi, Sigma ya milimita 85 f/1.4 DG DN ya mwaka 2020, yenye uzito wa gramu 630 hivi, ndiyo ningeifikiria kwanza, kwa maana ni kali tangu f/1.4 yenyewe. Ile Sony ya f/1.4 GM ya mwaka 2016, yenye gramu 820, ina mandhari ya nyuma laini ya kupendeza, ila sioni sababu ya kuikimbilia kwa ajili ya ukali. Na milimita 135 f/1.8 GM ya mwaka 2019 ni miongoni mwa lenzi kali kuliko zote nilizowahi kushika, lakini ina karibu kilo nzima, na kupiga picha ya mtu mzima kuanzia kichwa hadi miguu utahitaji kurudi nyuma mita saba na nusu. Pale ufukweni Dunga nafasi hiyo ipo; kwenye ua wa nyumba ya kupanga Kondele haipo.

Unapolinganisha lenzi usidanganywe na picha za pembeni kabisa. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alibuni lenzi ya kwanza iliyokusudiwa picha za sura, na lenzi hiyo ilikuwa wazi katikati na ikififia kuelekea pembeni. Watu waliipenda kwa miongo mingi, kwa kuwa pembeni mwa picha ya sura hakuna sura. Jicho la mteja wako hukaa sehemu ya juu, karibu na theluthi moja kutoka ukingo wa juu. Hapo ndipo lenzi inapopaswa kuwa kali, kwa tundu utakalolitumia kazini. Pembe nne zikiwa na ukungu kidogo kwa f/1.8, ziache, huwa ni majani ya muembe au ukuta.

Kuipima si kazi ngumu. Chukua ukurasa wa gazeti wenye matangazo ya vifo au ya zabuni, wenye herufi ndogondogo, uubandike ukutani mahali penye mwanga wa dirisha, ukiwa umenyooka bila mkunjo. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mita mbili kutoka ukutani, ikitazama ukuta moja kwa moja na si kwa mshazari, na utumie kipima saa cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Geuza kamera wima kama unavyopiga picha za sura, uweke kitone cha fokasi pale ambapo jicho hukaa, kisha upige kwa f/1.8, f/2.8, f/4 na f/5.6. Rudia kila moja mara tatu, ukiivuruga fokasi kwanza kila mara, ili ujue kama lenzi inarudi mahali palepale au inabahatisha. Halafu peleka kitone upande wa kushoto, upige. Upande wa kulia kwa kiasi kilekile, upige. Ukizisoma herufi za kulia bila shida na za kushoto zimevimba, hata baada ya kuhakikisha kamera haikukaa mshazari, basi kioo kimoja ndani ya lenzi hiyo hakiko katikati. Usiichukue.

Nasisitiza jambo hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza lenzi iliyotumika kutoka kwa muuzaji wa Nairobi, nikatuma pesa kwanza, nayo ikaja kwa basi la usiku ndani ya katoni, imefungwa kwa sweta kuukuu. Nilipiga picha moja ya mlango wa nyumba yangu, nikaridhika, nikaenda nayo kazini Jumamosi hiyohiyo. Ilikuwa familia ya watu watano iliyokuwa ikisherehekea mahafali ya binti yao, nao walitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Baba alikuwa kulia, mhitimu katikati, mama kushoto. Picha ilipotoka kwa mchapishaji, mashine ya ndevu ya baba ungeweza kufuata ilipopita kidevuni, na mhitimu alikuwa wazi hadi kope, lakini mama yao alionekana kama aliyekaa nyuma ya chandarua. Nilikuwa nimebana tundu hadi f/4, fokasi ilikuwa sahihi, na wote walikuwa mstari mmoja. Upande wa kushoto wa lenzi ile ulikuwa mbovu. Muuzaji hakukubali kuirudisha. Familia ile niliirudishia pesa, lakini siku ya mahafali ya mtoto wao sikuweza kuirudisha. Kwa hiyo usitume pesa kwa M-Pesa kabla ya kuipima lenzi kwenye kamera yako mwenyewe. Kama muuzaji yuko mbali, nauli ya kwenda na kurudi ni rahisi kuliko majuto.

Mambo mawili madogo kabla sijakuacha. Kamera yako haina kile kichujio cha mbele ya kihisi ambacho kamera nyingi za zamani zilikuwa nacho ili kulainisha taswira kidogo, kwa hiyo lenzi kali inaweza kuzusha mistari ya rangi kwenye suti ya kitambaa chenye ufumaji mdogomdogo. Ukiiona kwenye koti la bwana harusi, sogea hatua moja mbele au nyuma, na mara nyingi itatoweka. Na unapopiga picha ukitazama jua linalozama ziwani, funga kofia ya kukinga jua mbele ya lenzi (hood) na usimame mahali ambapo mti au paa linakinga kioo cha mbele. Mwanga unaopiga kioo moja kwa moja hupausha picha nzima, na lenzi kali kuliko zote huonekana kama imechoka.

SWALI: Mwalimu, mimi nina studio ndogo Nakuru, karibu na Section 58. Chumba changu kina urefu wa mita nne. Natumia Nikon Z7 na flashi mbili, na kwa kawaida napiga kwa f/11 au hata f/16 ili kila kitu kiwe wazi, lakini nahisi picha hazina ukali unaolingana na megapikseli 45 za kamera hii. Wateja wangu ni wafanyakazi wa ofisi wanaotaka picha za kichwa na mabega, na familia zinazosimama. Naweza kununua lenzi moja tu kati ya Nikkor Z milimita 85 f/1.8 S na Nikkor Z milimita 50 f/1.8 S. Ipi?

Mwenye studio, Nakuru

JIBU: Dada yangu, nimetoka kumsifia ndugu wa Kondele milimita 85, na wewe nakwambia uchukue milimita 50. Chumba chako ndicho kilichoamua. Ili mtu aliyesimama aenee wima kwenye fremu inayochukua kimo cha mita mbili, lenzi ya milimita 85 inataka umbali wa karibu mita tano, nawe huna. Ya milimita 50 inataka mita tatu kasoro kidogo. Mteja akisimama mita moja mbele ya pazia la nyuma ili kivuli chake kisilalie pazia, unabaki na mita tatu, nazo zinakutosha, ingawa mgongo wako utagusa ukuta.

Kwa picha za kichwa na mabega usikaribie ili kuijaza fremu, kwa maana kwa milimita 50 utajikuta chini ya mita moja kutoka kwa mteja, na pua itakua huku masikio yakijificha. Wengi hudhani lenzi ndiyo inayoharibu uso, ni umbali. Simama mita moja na nusu kama ambavyo ungesimama na milimita 85, piga, kisha ukate. Sura itakuwa na uwiano uleule hasa ambao milimita 85 ingekupa kutoka mahali hapo, na kipande kitakachobaki kina megapikseli karibu 16, wakati karatasi ya A4 iliyochapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji kama 9. Hapa ndipo pikseli nyingi zinapokulipa. Na ile 50 f/1.8 S ni kali vya kutosha kuvumilia kukatwa hivyo, jambo ambalo si kila lenzi ya milimita 50 inaliweza.

Ukali uliokosekana umepotelea kwenye f/11 na f/16. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta moja ya mwanga inakuwa kiduara. Kwa f/11 kiduara hicho kina upana wa takribani mikromita 15, na pikseli yako ni mikromita 4.35, kwa hiyo nukta moja inachukua pikseli zaidi ya tatu. Kwa f/16 inakaribia tano. Hakuna lenzi duniani inayokwepa hilo, hata ya bei ya gari. Shusha nguvu ya flashi na upige kwa f/5.6, au f/8 kwa familia iliyojipanga safu mbili. Lenga jicho lililo karibu nawe. Endapo flashi zako hazishuki zaidi, zirudishe nyuma, au bora zaidi uziongezee kitambaa cheupe kipana mbele, maana kwa kitambaa mwanga wenyewe utakuwa laini zaidi usoni.

SWALI: Mwalimu, hapa Kakamega nimeonyeshwa lenzi ya milimita 85 kwa bei ya kuvutia, lakini ndani yake naona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Muuzaji anasema ni vumbi na kwamba halionekani kwenye picha. Ninunue?

Msomaji, Kakamega

JIBU: Usinunue. Vumbi huwa ni chembe zilizotawanyika, na kweli chache haziidhuru picha. Nyuzi zenye matawi ni kuvu, nayo hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo ili kuzuia mng'ao. Hata fundi akiisafisha, alama inaweza kubaki, na kila utakapopiga kuelekea dirishani picha itakuwa na weupe juu yake. Kwenye kamera yenye pikseli nyingi weupe huo unafuta kwanza yale mambo madogo uliyolipia, kope na mboni. Lenzi yoyote iliyotumika imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, tundu likiwa wazi lote, huku ukiigeuzageuza polepole.

Nanyi mnaoishi Kakamega, Kisumu na kwingine penye mvua na unyevu mwingi, msizihifadhi lenzi kwenye mkoba wa ngozi au ndani ya kabati lenye giza. Sanduku la plastiki linalofunga vizuri, lenye vifuko vya silika vinavyokaushwa au kubadilishwa kila vinapolowa, linatosha. Kama mmetoka kazini mmenyeshewa, zipanguseni na mziache zikauke mahali penye hewa usiku kucha kabla ya kuzifungia humo.